Tuta la Mbele ya Shule na Koti la Mhandisi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwako daftari. Habari za dukani ulikotoka? Mimi mzima, wasiwasi ni juu yako tu. Baba watoto hajambo, anatengeneza redio za watu na ya kwetu imekufa. Mama mkwe hajambo ila magoti. Ulimi ni mzima kabisa. Mkubwa wangu hajambo, yuko kwa mumewe. Wa kati hajambo, yuko shule ya bweni, anataka sabuni. Kitindamimba hajambo, na yeye ndiye sababu ya yote. Jogoo naye anakusalimu.

Utanivumilia. Baraza la mtaa limesema kila mjumbe aandike shughuli zake za kila siku, na mimi niliishia darasa la nne. Nilichofundishwa ni barua tu.

Ndiyo, ni mjumbe! Nilichaguliwa mwezi uliopita kwa kura hamsini na moja. Sindano, yule fundi cherehani wa kona, naye kachaguliwa, kwa hamsini na mbili. Kura moja! Mama mkwe hajasema hadi leo yeye alimpa nani.

Shughuli yangu ya kwanza ni tuta la barabarani mbele ya shule ya msingi. Alhamisi iliyopita Kitindamimba alikuwa anavuka. Lori la mchanga! Aliruka yeye, kiatu kikabaki. Kikawa bapa kama bahasha. Akaingia nyumbani mguu mmoja peku, akasema mama usinipige. Nikupige! Nilimkumbatia mpaka mama mkwe akasema mwache mtoto apumue. Tangu siku ile kila nikisikia lori moyo unanitoka. Tuta litajengwa. Nimeapa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda ofisi ya barabara. Karani akauliza fomu iko wapi. Nikaweka kiatu mezani. Akasema niondoe kiatu mezani. Nikamwambia hiyo ndiyo fomu.

Mhandisi akatoka kuangalia kelele za nini. Kijana mpole, koti la kijivu, safi. Akakigeuza kiatu juu chini. Kisha akasema atakuja Ijumaa saa mbili asubuhi na chombo chake cha kupima mwendo wa magari. Kinashikwa kama tochi. Magari kumi yakipita mbio ndani ya saa moja, tuta tunalo. Yasipofika kumi, faili linafungwa mpaka mwakani.

Kumi tu! Pale kwetu kumi yanapita hujamaliza kufunga kamba za viatu. Nimerudi naimba.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kikao cha baraza. Mwenyekiti amefungua kikao, akasinzia. Sindano akasema mgeni apokewe na yeye, maana anajua kuongea na wakubwa. Nikasema mgeni ni wangu, nimemleta kwa kiatu cha mwanangu. Akasema kwani huyo mhandisi ni mkwe. Nikasema heri awe mkwe kuliko avae suruali uliyoishona wewe. Mwenyekiti akazinduka, akasema limepita. Hakuna aliyejua lipi. Nikawahi kusema ni langu.

Mlangoni Sindano akaninong'oneza, haya shoga, tusije tukaaibika.

Mimi niaibishe mtaa? Mgeni huyu ataondoka anasimulia!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kazi! Baraza zima na akina mama thelathini. Tumefagia barabara. Tumezibua mtaro, sasa ukiinama unajiona. Mawe ya kando tumeyapaka chokaa. Tumetundika bango la kitambaa juu ya njia: KARIBU MHANDISI, rangi ya buluu. Sindano ameshona pindo, kwa kununa. Mama mkwe ameuliza kama tunapokea mhandisi au bwana harusi.

Jioni nikakumbuka vumbi! Malori yakipita mbio, vumbi lote linamwishia mgeni kwenye koti. Nikaenda kwa miguu hadi machimbo ya mchanga. Nimewasihi madereva mmoja mmoja: wanangu, kesho saa mbili nina mgeni, nistahini, piteni taratibu. Wote wameitikia, sawa mama, kwa ajili yako. Watoto wa watu wana adabu, jamani.

Kitindamimba ameniuliza, kama wote watapita taratibu, mhandisi atapima nini? Nimemwambia akafue soksi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mhandisi alifika saa mbili kamili. Tukampa kiti na mwavuli. Malori yakaja. Yalipita kama yanasindikiza jeneza! Madereva wananipungia mkono. Mmoja alisimama kabisa kumpisha kuku. Mhandisi anaelekeza tochi yake, anaandika. Anaelekeza, anaandika. Saa moja ikaisha. Lori lililokwenda mbio, hakuna hata moja. Kilichokwenda mbio ni baiskeli ya baba watoto, alikuwa anawahisha birika la chai.

Mhandisi akasema tangu aanze kazi hajaona madereva wastaarabu hivi. Faili limefungwa mpaka mwakani. Sindano alicheka mpaka akakalia jiwe la chokaa. Sketi yake imepata chapa nyeupe, angalau hilo.

Wanafiki wale! Mwaka mzima mbio, siku ya mgeni wanajifanya malaika! Mhandisi hajapinda hata kona, lori la kwanza likapita likachana bango.

Lile bango nalo lilikuwa bichi. Mapema lilimdondoshea mhandisi rangi begani. Nilimvua koti kwa nguvu kabla hajaondoka. Alikataa kata kata. Nikamwambia kwangu mgeni haondoki na doa, utakuja kulichukua.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Rangi haikutoka jana. Mama mkwe akasema ndimu na chumvi. Leo imetoka. Nimepiga pasi mara tatu.

Kesho shule. Baba watoto anasema tuvumilie, mwakani si mbali. Mwakani! Mtoto anavuka mara mbili kila siku, ni mara ngapi hizo hadi mwakani? Nimeamua. Nitasimama barabarani mwenyewe na mwavuli mwekundu, nivushe watoto wote. Lori likitaka mtu linichukue mimi, nimeshakula chumvi ya kutosha.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimevusha watoto wote asubuhi. Nimetukanwa na madereva wanne, wote wale waliosema sawa mama.

Nikiwa nakunja mwavuli, nikaitwa kutoka ng'ambo. Mhandisi! Amefuata koti, bila hata taarifa! Nikapiga kelele asubiri. Akadhani namkaribisha. Akaingia barabarani.

Lori. Aliruka mtaroni, ule tuliouzibua sisi, ukampokea mzima mzima. Kiatu kikabaki. Bapa!

Alitoka na tope hadi magotini. Akakitazama kiatu muda mrefu. Nikampa pole. Akaenda kwenye gari lake akichechemea, akatoa ile tochi, akasimama palepale mguu mmoja peku. Nusu saa: magari ishirini na tatu! Mara moja tu alinigeukia, akaniuliza kama hao ndio madereva wa Ijumaa. Nikamwambia ndio hao hao, ila leo sikuwaambia kama unakuja.

Akafumba macho kidogo. Kisha akasema faili limefunguliwa.

Lakini aibu niliyoipata! Barabara haijafagiliwa, bango linaning'inia kama kamasi, hata chai hakunywa. Bahati koti lilikuwa tayari. Kiatu chake nimekiweka pamoja na cha mwanangu. Sasa ni jozi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

TUTA! Limejengwa leo, limepakwa hata mistari. Malori yanapanda na kushuka kama yanaomba radhi. Kitindamimba amevuka taratibu kama bibi harusi, akafika katikati akasimama kunipungia. Nimelia mbele za watu na sijali.

Sindano amekuja kunipa mkono. Akasema hongera shoga, ila shukrani zako lipelekee lile lori. Wivu! Kila mwenye akili anajua ni koti. Mtu umrudishie koti limepigwa pasi mara tatu, atakunyima nini? Mgeni akiheshimiwa hatoi mkono mtupu.

Baraza limenipa shughuli nyingine. Zahanati yetu ina nesi mmoja, foleni ya wagonjwa inatoka hadi nje ya geti. Afisa wa afya atakuja Jumatatu asubuhi kuiona foleni kwa macho yake. Akiona ni ndefu, analeta nesi wa pili.

Safari hii sitaki aibu. Nimeshapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wagonjwa wote Jumatatu wabaki kwao hadi saa sita, ili tuoshe benchi na mgeni apate pa kupumulia. Wote wameitikia.

Kitindamimba amefungua mdomo aniulize kitu. Nimemwambia soksi.

Basi daftari langu, wasalimie wote wa huko kwako. Kama kuna jambo nimelisahau katika maandalizi haya, tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumatatu.