Mtihani wa Ty na Vy

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefeli. Tena! Kusoma nimepita, kusikiliza nimepita, kuandika nimepita kwa kuchechemea. Kuzungumza ndiko kumeniangusha. Mimi! Mtu anayezungumza Kicheki saa kumi na nne kwa siku nyuma ya kaunta, mwaka wa kumi na tisa huu, hapa hapa Jihlava karibu na stesheni! Nimeirarua barua vipande vinne. Kisha nimeiunganisha kwa selotepu, maana Diệp kasema tutaihitaji.

Diệp ni binti yangu, miaka kumi na minne. Kicheki kinamtoka kama maji, na anakitumia zaidi kunisahihisha.

Bila mtihani hakuna ukaazi wa kudumu. Na bila cheti cha mtihani hakuna duka. Bi Hrubešová, mwenye jengo, amesema wazi kwamba amechoka na mpangaji ambaye kila baada ya miaka miwili anapanga foleni ofisi ya wageni bila kujua kama atabaki. Anakitaka cheti kabla Oktoba haijaisha, la sivyo duka anapewa Ngạn. Ngạn! Yule Mvietnam mwenzangu, muuza soksi wa ng'ambo ya barabara, anayemwinamia kila bibi mpaka nakihurumia kiuno chake. Naye anafanya mtihani.

Mke wangu kapiga simu kutoka Nghệ An, kwetu Vietnam, anakomuuguza mamake. Nimemwambia mtihani umeahirishwa.

Jumatano, 4 Septemba

Nina mpango. Nimemwajiri Jarda. Fundi bomba mstaafu, mteja wangu mara tatu kwa siku, Mcheki tangu tumboni. Malipo ni bia mbili kwa somo. Kitabu cha nini mtu ukiwa na Jarda?

Leo tumeanza na ile herufi yao ya shetani, ř. Imo hata katika jina la Bi Hrubešová, Jiřina. Jarda akasema ningurumishe ulimi kama pikipiki huku nafukuza kuku. Nikangurumisha. Mate yakafika kwenye magazeti. Mama mmoja akarudisha siagi mahali pake, akatoka. Jarda akacheka mpaka akakohoa. "Oya Honza, wewe ni wetu kabisa! Lete nyingine!"

Honza ndiye mimi. Jina langu ni Khoát, lakini mtaa huu hauna muda nalo. Somo la pili sikulielewa kwa sababu mwalimu alikuwa amelewa.

Ijumaa, 6 Septemba

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Diệp aliniuliza nilimsalimuje mtahini siku ile. Nikasema kama ninavyomsalimu kila mtu: mambo, wewe, vipi? Akajishika kichwa. Akaanza kunieleza kama mtoto wa chekechea. Eti Wacheki wana namna mbili za kumwita mtu. Ty ni "wewe", ya rafiki, ya mtoto, ya mbwa. Vy ni "ninyi", hata kama mtu yuko peke yake, na ndiyo heshima kwa yeyote usiyemzoea. Nikamwambia vy nimeiona kitabuni, nilidhani ni ya rais. Kama ndivyo, mbona mji mzima unaniita ty? Nilijua ni mapenzi!

Akageuza uso. Nikamshikilia aseme. Akasema polepole, macho chini, "Baba, wao kwa wao hawaitani hivyo dukani. Nenda kasikilize duka la dawa."

Nikaenda. Nilisimama kando ya mashine ya presha nusu saa nzima. Vy, vy, vy! Watoto wa shule wanaitana ty, lakini kwa yule dada wa dawa kila mtu ni vy. Akaingia Jarda, anataka dawa ya tumbo. Jarda huyu huyu! Akavua kofia. Akamwita vy.

Miaka kumi na tisa. Imeniuma. Nimeshaandika hivyo na sitaandika tena.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimebandika bango mlangoni, herufi nyekundu: HAPA TUNAITANA VY.

Mteja wa kwanza alilisoma akaniuliza, "Wewe Honza, nani kakuandikia?" Nikamnyima sigara. Wa pili nikamnyima maziwa. Saa sita mchana foleni ilikuwa ng'ambo kwa Ngạn, ambaye ghafla anauza maziwa! Soksi na maziwa!

Jarda alisimama mbele ya bango kwa muda mrefu, midomo inamcheza. Kisha akaja kwenye kaunta akasema, "Bwana Honza, je, ninyi mngeweza kunipa bia?" Akawa mwekundu. Mimi pia. Hatukujua tuangalie wapi. Bia akaenda kuinywea nje.

Diệp alipotoka shule alilibandua. Eti heshima haibandikwi na gundi. Mtoto huyu kaenda shule sana.

Alhamisi, 12 Septemba

Mpango wa pili, huu hauna tundu. Nimevuka barabara nikampa Ngạn ushauri wa ndugu kwa ndugu. Nimemwambia watahini wanaichukia vy, inanuka enzi za zamani, hivyo awaite ty na ikiwezekana awapige bega. Akanishika mikono yote miwili. "Kaka Khoát, una roho nzuri wewe." Machozi karibu yamtoke.

Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wanaosema hivyo hawajui kuchimba.

Jumamosi, 21 Septemba

Mtihani. Nilikuwa na vy kwenye kila jino. Mlinzi wa mlangoni nilimwita vy. Msafisha ngazi vy. Mtahini, mzee mwenye miwani aitwaye Vondrušek, nilimwita vy mpaka akaanza kutabasamu. Jina, familia, hali ya hewa, yote yalipita kama siagi.

Halafu ikaja sehemu ya kuigiza. Mzee akasema sasa yeye ni mwenye duka na mimi ni mteja. Ninunue vitu viwili na niulize bei.

Mteja! Nani Jihlava nzima anawajua wateja kunizidi? Nikasukuma kiti nyuma. Nikaweka kiwiko mezani. "Oya wewe! Sigara nyekundu na bia, fanya haraka! Bei gani? Bei gani?! Unaniibia wewe!" Nikapiga meza.

Mzee alirudi nyuma kidogo. Akasema kwa upole, "Tafadhali, bwana, hapa tunaitana vy."

Nikamjibu kama wanavyonijibu mimi: "Ongea Kicheki, wewe! Sikuelewi!"

Mama aliyekuwa akiandika alama akaacha kuandika. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana. Akaniuliza nimejifunzia wapi kuongea hivyo. Nikasema dukani kwangu, kwa wateja wangu. Akanitazama, sasa hatabasamu tena. Akasema asante, imetosha.

Nje nilimkuta Ngạn. Nikamuuliza kama aliwapiga bega. Eti aliogopa, akawaita vy tu. Mwoga! Mtu unamsaidia, hasaidiki!

Jumatano, 9 Oktoba

NIMEPITA! Kwa alama moja, lakini barua ni barua. Ngạn naye kapita, kwa alama nyingi za kujipendekeza, na akaniletea kikapu cha plamu kunipongeza. Nimezila zote kwa hasira.

Bi Hrubešová kapiga simu. Kwa kuwa mimi ndiye wa siku nyingi, mkataba ni wangu. Ijumaa anakuja kusaini. Diệp kanionya nimwite vy mwanzo hadi mwisho. Akaongeza kwamba Wacheki wakizoeana sana, mmoja humkaribisha mwenzake kwenye ty, wakagonganisha glasi. Alikuwa bado anaeleza nani hasa anapaswa kukaribisha, mteja akaingia. Sikuhitaji zaidi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bi Hrubešová alifika saa nne, koti la kijani, kalamu yake mwenyewe. Diệp yuko shuleni. Nilimwita vy mara kumi na moja, nilihesabu. Alifurahi. Akaushusha mkono kwenye karatasi.

Nikaona ndiyo saa yenyewe. Nikamimina pombe ya plamu glasi mbili. Nikamwambia kwa kuwa sasa mimi si mgeni, namruhusu aniite ty, nami kuanzia leo nitamwita ty, Jiřina tu. Na ile ř ikatoka! Safi kabisa, mara ya kwanza maishani! Na mate kidogo, kwenye mkataba.

Akafunika kalamu. Akasema, kwa vy yenye barafu, kwamba anayekaribisha ni mwanamke, au mkubwa, na yeye ni vyote viwili. Marehemu mumewe mwenyewe alisubiri miaka minne. Akaipangusa karatasi kwa kitambaa, akaikunja, akavuka barabara. Dirishani nikamwona Ngạn anainama mpaka chini.

Ubaguzi mtupu!

Jumapili, 13 Oktoba

Bi Hrubešová kaleta ujumbe. Duka ni la Ngạn kuanzia Januari, wanasaini kesho saa tatu.

Diệp analia chumbani. Alijifunza kutembea akishikilia friji ya maziwa ya duka lile. Sikujua la kumwambia, nikampigia kelele, kisha nikamwomba radhi, kisha nikampigia kelele tena. Akasema bado kuna leo. Niandike barua ya kuomba msamaha, Bi Hrubešová si mbaya, atalegea. Lakini nisiandike peke yangu, nimngoje anawe uso aje anisaidie.

Nisaidiwe? Mimi? Mwenye cheti?

Nimeandika mwenyewe, Kicheki kilichonyooka, nikakimbia nikaitumbukiza kwenye sanduku lake la barua kabla mtoto hajatoka bafuni. Nimeomba radhi kwa kila kitu, hata kwa mate. Mwanzo wake ndio ulionichukua muda, lakini umetoka vizuri: "Oya Jiřina, hebu sikiliza wewe."