Jogoo wa Esnath na Vizimba Vyangu

Jumatatu, 10 Juni
Baridi ya Ipogolo imenikaa magotini, ila moyo una joto. Hoteli moja ya mjini inatafuta mtu wa kuiletea mayai kila wiki. Kuku wa mayai ninao, wapo kwenye vizimba vya waya nyuma ya nyumba, wametulia kama waumini. Jirani yangu Esnath, mjane mwenye mdomo, naye ameomba. Esnath! Kuku wake wanazurura kutwa, mayai anayatafuta kwa kuinama vichakani. Nimecheka mpaka kikohozi.

Jumanne, 11 Juni
Nimeacha kucheka. Yasmini, binti anayeinunulia hoteli vyakula, amepiga simu. Shikamoo nyingi, halafu kisu: wageni wao hawataki yai la kuku aliyefungiwa. Wanataka kuku anayetembea, anayechakura, anayekunjua mabawa. Alhamisi atakuja kuona. Nikamwambia kuku wangu wanatembea mpaka nawaonea huruma.

Nikamtoa mmoja nijaribu. Akasimama palepale nilipomweka, mguu mmoja juu, kama anayengoja basi la Mbeya. Hajawahi kukanyaga udongo, maskini. Mke wangu Yudith akasema hata mimi ningefungiwa hivyo ningesahau miguu. Nikamwambia ugali unaungua.

Jumatano, 12 Juni
Nimemwendea Esnath kwa upole. Nikamsalimu kwa kilugha chetu: kamwene, dada. Nikamwomba kuku wake kwa siku moja, jogoo akiwemo, waje kula wadudu kwenye mboga zangu. Akanitazama sana. "Baba Gloria, mboga gani? Kwako kuna nyasi na maneno." Lakini amekubali. Hana akili ya biashara.

Alhamisi, 13 Juni
Asubuhi vizimba vyote nikavihamishia chumbani, na kuku ndani yake. Yudith kanuna. Kuku wa Esnath wakachakura uwanjani kwa heshima zote. Yasmini akafurahi, akapiga picha. Mara kuku mmoja chumbani akataga, akaanza kutangaza. Nikasema ni simu yangu inaita. Yasmini akauliza mbona sipokei. Nikasema huyo mtu msumbufu.

Angeondoka hapo, mambo yalikuwa yameiva. Lakini Yudith akaleta chai na viazi, wakapiga soga mpaka jua likazama. Jogoo akaita. Kuku wote wakajipanga nyuma yake, wakapita kwenye tundu la uzio, kwenda kulala kwao. Yasmini akauliza wanakwenda wapi. Nikamjibu wanatembea, si ndivyo mlivyotaka?

Akawafuata. Akamkuta Esnath mlangoni anawakaribisha mmoja mmoja.

Oda kapewa Esnath. Yudith akanitetea, nami nikainamisha kichwa ili nionekane mzee zaidi. Binti akalegea: Jumatatu atarudi, akikuta kuku wangu wako nje na vizimba havipo, nusu ya oda ni yangu.

Ijumaa, 14 Juni
Tumewatoa wote. Mmoja akajitupa kwenye majivu, akapigapiga mabawa, miguu juu. Nikajua anakata roho, nikakimbilia kisu nimuwahi. Yudith akanipiga mkono. "Mzee, anaoga." Kweli, akainuka, akajikung'uta, akakunjua mabawa yote mawili, mara yake ya kwanza duniani. Macho yakaniwasha. Majivu hayo.

Jumapili, 16 Juni
Msiba. Jana jogoo wa Esnath alipita kwenye tundu la uzio kuwasalimia wageni. Jioni kuku wangu wote wakamfuata, wakalala kwake, na leo wametaga hukohuko. Esnath kaja uzioni na sahani ya mayai. "Shemeji, mabinti zako wameolewa. Mahari utasema mwenyewe."

Kesho Yasmini anakuja, na uwanja ni mtupu. Yudith yuko kanisani, kwa hiyo nafikiri vizuri. Jawabu nimelipata. Alfajiri namkamata yule jogoo, namweka katikati ya uwanja, mitetea wote watamzunguka wasibanduke. Asitoroke, namtia kwenye kizimba. Kimoja tu. Nitakifunika kitenge cha Yudith.

Akiwika, nitasema ni simu.