Nyumba Moja Kabla ya Pongali

Jumamosi, 5 Januari

Akka Sivagami, dada yangu mkubwa, siku ulipoolewa ulinipa daftari hili ukaniambia niandike kila kitu, kizuri na kibaya, kisha nilitume kwako Karaikudi kwa mkono wa Mjomba anapokwenda sokoni. Naapa kuandika yote. Hata ya leo.

Leo Vadivu kapata nyumba ya tatu. Unaukumbuka uwanja wetu wa pandi mbele ya mlango wao. Vyumba vinane mchangani, unatupa kigae, unaruka kwa mguu mmoja. Ukivimaliza vyote unatembea umefumba macho, kigae juu ya paji la uso, unauliza "Sawa?" kila hatua, na wenzako wanajibu "Sawa" mpaka ukanyage mstari. Ukifika mwisho salama unarusha kigae nyuma, na chumba kitakachoangukiwa ni nyumba yako. Unachora ua ndani yake. Wengine lazima wairuke. Wewe unapumzika humo kwa miguu miwili, kama mama mwenye nyumba.

Vadivu, tatu. Kuyili wa jirani, miaka saba, hana meno ya mbele, nyumba moja. Mimi, miaka kumi na miwili, sijawahi kupata. Nikifika chumba cha tatu tu, nakanyaga mstari. Vadivu ananiita mpangaji. Leo kaniuliza, "Mpangaji, usiku huu unalala kwa nani?" Wote wakacheka. Hata Kuyili, halafu akaomba radhi.

Na Bibi kasema kuanzia sikukuu ya mavuno, Pongali, hakuna tena kurukaruka barabarani. Msichana mkubwa namna hii anainua sketi mbele za watu, nani atakuja kumposa, mbuzi? Zimebaki siku tisa. Nataka nyumba moja tu, halafu niwe mkubwa.

Jumapili, 6 Januari

Mazoezi ya kufumba macho, alfajiri, mbele ya mlango wetu. Hatua sita bila kosa. Ya saba ilikuwa laini na baridi. Nikafumbua macho. Nilikuwa katikati ya kolamu ya Bibi, michoro yake yote ya unga wa mchele imechanganyika, na kidole gumba kimezama kwenye donge la samadi la kupambia, pamoja na ua la boga alilolichomeka juu yake. Maua yalikuwa matano. Yakabaki mawili.

Bibi aliuliza nani. Nikasema labda mbuzi wa kina Vadivu. Bibi akainama, akaitazama alama, akasema mbuzi huyo ana vidole vitano.

Adhabu: mpaka Pongali kolamu nachora mimi, kila alfajiri. Unga nasaga mimi.

Jumanne, 8 Januari

Adhabu imezaa wazo. Kila kolamu huanza na nukta. Uji mzito wa unga wa mchele, ukikauka, nukta inakuwa ngumu kama chunusi. Mguu peku unaihisi. Sasa, nukta moja katikati ya kila chumba cha pandi, na mtu aliyefumba macho atajua daima yuko wapi. Mwalimu Kamalambal husema akili ni kutumia ulicho nacho.

Nilikwenda kabla wengine hawajaamka vizuri. Kuyili alinishikia bakuli. Akauliza mbona nukta tupu, kolamu yenyewe iko wapi. Nikamwambia ndiyo mtindo wa Madrasi siku hizi. Akasema, "Aa, kumbe," akaendelea kushika bakuli kwa mikono miwili. Anaamini kila ninachosema. Hilo lilinikera kidogo, sijui kwa nini.

Vadivu alipoziona akasema, "Mpangaji katupambia nyumba zetu." Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Jumatano, 9 Januari

Nina nyumba.

Nukta ya kwanza ilinigusa kisigino. "Sawa?" "Sawa." Ya pili. Ya tatu, ile ya aibu zangu zote. "Sawa?" Sauti ya Kuyili ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Mpaka chumba cha nane. Nikarusha kigae nyuma, kikatua chumba cha tano. Nikachora yungiyungi lenye petali nane. Nikasimama ndani kwa miguu miwili.

Nilidhani furaha itakuwa kubwa zaidi. Ilikuwa kama kuvaa blausi ya mtu mwingine. Inatosha, lakini mabega yanajua.

Kuyili kaniomba nimfundishe. Nikasema ni mazoezi tu.

Alhamisi, 10 Januari

Sitaki kuandika. Niliapa.

Sisimizi. Katikati ya kila chumba, juu ya kila nukta, kundi jeusi linalotembea. Mistari ya sisimizi ikitoka chumba kimoja kwenda kingine, wengine wakibeba vipande. Tangu sijaota meno Bibi ananieleza kwamba tunachora kwa mchele ili wadogo hawa wale kabla yetu. Tangu sijaota meno. Na nilipata alama tisini na mbili za sayansi.

Vadivu akarukia chumba cha kwanza, akang'atwa, akauliza nani kamwaga chakula uwanjani. Halafu akamtazama Kuyili, kwa sababu Kuyili siku zote ana bisi za mchele kwenye pindo la sketi. "Wewe na bisi zako. Kila unapopita unaacha karamu." Kanuni yetu unaijua: anayechafua uwanja anapoteza nyumba.

Kuyili akanitazama mimi. Alishika bakuli, Akka. Alikuwa anajua kilichokuwemo. Alikuwa anangoja tu mkubwa aseme.

Nikasema, "Kweli, sisimizi ni wengi."

Ndivyo nilivyosema. Maneno hayo tu. Vadivu akafuta ua la Kuyili kwa unyayo. Yungiyungi langu likabaki pale, zuri.

Sijala chakula cha jioni. Bibi kasema labda nimekula kwa mbuzi.

Ijumaa, 11 Januari

Nimeamua kurekebisha. Kusema ukweli ndiyo njia fupi, najua, lakini nilipata njia nzuri zaidi.

Nikaomba nijibu "Sawa" peke yangu wakati Kuyili anatembea. Alikuwa amemaliza vyumba vyote, macho yamevimba bado. Nukta hakuna tena, zimeliwa. Chumba cha sita, kisigino chake kizima kikawa juu ya mstari.

"Sawa?"

"Sawa," nikasema, kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Kuyili akasimama. Akatoa kigae usoni, akafumbua macho, akautazama mguu wake mwenyewe.

"Akka, nimekanyaga. Mbona unasema sawa?"

Vadivu akasema, "Mpangaji kapata nyumba, kapoteza macho." Nikajitetea kwamba jua lilikuwa linanipiga usoni. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, kila mtu aliona kivuli changu kimelala mbele.

Kuyili kaenda nyumbani. Leo hakuja na bisi.

Jumamosi, 12 Januari

Mwalimu husema kila sentensi iwe na kiima. Hizi zitakosa, kwa haraka. Mjomba yuko mlangoni, mabiringanya yameshafungwa kwenye baiskeli, basi la saa mbili.

Nimefikiri sana. Kesho alasiri ni mchezo wa mwisho, Jumatatu Pongali. Nitasema yote. Mbele ya Vadivu, mbele ya wote, kwamba uji wa mchele ulikuwa wangu na Kuyili hana kosa. Nitalifuta yungiyungi langu kwa mguu wangu mwenyewe. Hotuba nimeshaiandika, aya tatu.

Lakini baada ya mchezo. Kwanza Kuyili arudishiwe nyumba yake, na aipate mwenyewe, akitembea vizuri, asiulize maswali. Kwa hiyo nukta nane mpya. Si za mchele. Chokaa ya tambuu ya Bibi hukauka ngumu kuliko uji. Kikopo kiko ndani ya mfuko wangu wa shule.

Bibi anapekua mkeka mzima anakitafuta. Kaniuliza. Nimesema labda mbuzi.

Akka, nakuomba unijibu kesho asubuhi Mjomba anaporudi, isipite saa tatu: je, sisimizi hula chokaa?