Vita vya Mpira wa Rejeta na Safari ya Mama Mkwe

Haya, enyi mlioketi vitini na mlioegemea kuta, wekeni simu chini, akohoe mwenye kukohoa, kisha nyamazeni. Maana leo nainua mdomo kusimulia tendo ambalo wafalme hawakuthubutu kulitenda, kwa sababu, kusema kweli, wafalme wana madereva.

Palikuwa na shujaa, mume wa mke mmoja na bwana wa gari moja kuukuu, ambaye mtaa mzima ulimwita Boneti, kwa kuwa halikupita juma asionekane ameinama chini ya boneti, makalio yakiitazama barabara. Gari lenyewe lilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kiu. Mpira wa juu wa rejeta, ule upitishao maji ya moto kutoka kwenye injini, ulikuwa umepasuka, naye Boneti, mwingi wa hila, akawa anaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kipande juu ya kipande, hata ukanenepa kama mguu wenye bendeji. Mpira mpya alikuwa nao uvunguni siku nyingi, akiuahidi kesho. Huko ndiko alikokuita kulitunza gari.

Asubuhi hiyo mkewe akamtokea uani, simu mkononi.

"Baba Watoto, mama anatakiwa kliniki ya macho saa sita. Amesema kwenye gari lako hapandi. Nampigia kaka aje na lake."

Shujaa akaikamata bisibisi yake. Kwani mara ya mwisho walipokwama njiani, chupa ya maji ya kunywa ya mama mkwe iliishia ndani ya rejeta, na mama wa watu akakaa juani na kiu yake bila kusema neno. Kule kunyamaza ndiko kulikomuuma Boneti. Alimpenda mama yule, ndiye pekee aliyemkubali alipokuja kuposa, ukoo mzima ukimwona hafai. Na sasa hata yeye amechoka naye!

Akainua bisibisi kuelekea mbinguni. "Sikia, ewe binti wa mama mkwe wangu! Leo ama mpira huu, ama mimi! Mwambie mama avae viatu, kwa maana mkwewe yu hai, na kabla jua halijasimama utosini gari hili litanguruma hata milima—"

"Punguza sauti, majirani wanatuangalia. Nakupa mpaka saa tano. Likiwa bado, napiga simu."

Vita vikaanza. Shukuruni injini ilikuwa ya baridi, la sivyo kisa hiki ningekisimulia wodini. Akatega karai, akamwaga maji ya rejeta, akazikata zile bendeji, za mwaka huu na chini yake za mwaka jana. Mpira mzee ukang'ang'ania, naye akaupasua kwa kisu cha jikoni. Tafadhali, hilo libaki hapa hapa. Mpira mpya ukakataa kuingia. Akautumbukiza kwenye maji ya moto, akaupaka sabuni ya vyombo, akasukuma, akakunja uso, akasukuma tena, hata ncha zote mbili zikazama mahali pake. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa ameacha kichwa cha mteja nusu, akapiga makofi.

Kisha akauliza, "Boneti, na hivyo vibano hapo juu ya betri ni vya nini?"

Lo! Vibano viwili vya chuma, duara kamili lisilo na mlango, ambavyo hupaswa kuvishwa mpira kabla haujaingia, vilikuwa vimekaa juu ya betri vikimwangalia. Boneti akaketi juu ya tairi bovu. Akalia kidogo, nami sifichi.

Tena hapo miguuni pake vilikuwepo vile vipande vya tyubu. Kuvizungusha tu, kukaza fundo, na saa tano ingemkuta kwenye usukani, gari likinguruma! Mkono wake ukavigusa. Ndipo akamwona akilini mama mkwe siku ile juani, amefunga mdomo, na akavitupa mbali.

Mkewe akatoka. Saa tano ilikuwa imefika.

"Mama Watoto," akasema, na safari hii hakuinua chochote, "nimekosea. Nimesahau kuvisha vibano. Naanza upya, sitaki kufunga vipande vya tyubu tena. Ukitaka kupiga simu, piga."

Mke akamtazama usoni, kwenye michirizi ya grisi na machozi. Akaitia simu mfukoni. "Nishike wapi?"

Na iandikwe, tena kwa wino usiofutika, kwamba majeshi hayo mawili yaliung'oa mpira, yakauvisha vibano, yakaurudisha na kuubana. Kwamba maji yalijazwa na tone halikuanguka. Kwamba mshale wa joto ulisimama katikati njia nzima kama askari wa gwaride. Mama mkwe alipanda kwa kuombwa sana. Mbele ya lango la kliniki, gari lilipotulia, alishtuka, akajifuta mdomo, maana alikuwa amelala fofofo.

"Tumeharibikia wapi tena?" akauliza.

Boneti alikuwa ameandaa hotuba tangu nyumbani. Yote ikampotea.

"Tumefika, mama."