Tarehe Ishirini na Tisa Sigusi Jalada

Jumatatu, 26 Februari
Nimegundua wizi! Mwaka huu Februari ina siku ishirini na tisa. Mshahara wangu wa mwezi uko palepale. Kwa hiyo Alhamisi nafanya kazi bure! Miaka kumi na miwili napanga majalada kwenye masjala hii, na hii itakuwa siku ya tatu kuliwa. Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama nimeshakula.

Jumanne, 27 Februari
Saa ya chai nimewapanga wenzangu. Alhamisi tuje, tukae, tusiguse kitu. Dereva kasema yuko nami bega kwa bega. Mama Mihuri, anayegonga mihuri barua zote, kasifu akili yangu na kunisihi niwe mbele. Mkuu wetu anastaafu, na wanaotajwa kushika nafasi yake ni mimi na huyu mama. Nilidhani ananionea kijicho. Nimemsamehe.

Jumatano, 28 Februari
Nimepeleka hoja kwa mhasibu. Kavua miwani. Akauliza Februari ya mwaka jana ilikuwa na siku ngapi. Ishirini na nane, nikasema. Akauliza kama nilirudisha mshahara wa siku tatu zilizopungua kuliko Januari. Maswali gani haya! Nimemwambia tusichanganye mambo.

Kesho mkurugenzi anapita kuchagua mkuu mpya. Mke wangu kanipigia pasi shati jeupe, na dada yake keshaambiwa kwamba cheo ni changu. Sijamwambia habari ya mgomo. Mkurugenzi akiona msimamo wangu, mwenyewe atajua kiongozi ni nani.

Alhamisi, 29 Februari
Kwenye daftari la mahudhurio nimeandika: "Nipo, ila leo si yenu." Nikakunja mikono. Dereva kaondoka na gari tangu asubuhi. Mama Mihuri anagonga tu, ta! ta! ta!

Saa nne mkurugenzi kaingia, anataka jalada la kiwanja cha ofisi. Najua lilipo! Rafu ya tatu, nyuma ya boksi la bahasha. Vidole vikaniwasha. Nikamwambia, kwa heshima zote, atalipata kesho. Mama Mihuri akainuka, akalichomoa, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mkurugenzi akasoma daftari, kisha akaniuliza kama naumwa.

Nyumbani jiko baridi. Mke wangu yuko kwenye kochi, kakunja mikono. Dereva kamsimulia yote, msaliti yule! Anasema hela ya matumizi nilimpa ya mwezi, na mwezi wake uliisha jana. Nimekula mkate mkavu. Yeye alishakula.

Ijumaa, 1 Machi
Tangazo liko ubaoni. Mkuu wa masjala ni Mama Mihuri. Mke wangu hakunigombeza. Alichukua simu, akatoka nje kumwambia dada yake, kwa sauti ndogo. Hapo niliumia kwelikweli. Nimemwomba radhi na kuapa kwamba mambo ya kuhesabu siku nimeyaacha kabisa.

Halafu nikaitazama kalenda. Machi ina siku thelathini na moja! Mbili zaidi, mshahara uleule! Tarehe thelathini na moja sigusi jalada, aje nani, aende nani. Mke wangu kachungulia, kasema siku hiyo ni Jumapili, ofisi imefungwa. Sawa. Nitagoma hivyohivyo, na safari hii hakuna wa kunivunjia mgomo.