Mjomba Hashindwi na Dramu

Jumamosi, 13 Septemba

Kikao cha harusi ya Twaiba kimefanyika leo uani kwa dada yangu, hapa Msambweni. Mimi ndiye mjomba. Nimepewa kiti chenye mgongo. Kibwana, ami yake bibi harusi, nduguye marehemu babake, amekaa mkekani. Roho yangu ikatulia.

Haikutulia sana. Likaja swali: nani atampeleka Twaiba Gazi kwa mumewe Jumamosi ijayo? Nikajibu kabla swali halijaisha. Kwetu sisi bibi harusi hupelekwa na mjomba wake, na marehemu babake angekuwepo asingebisha. Kibwana akakohoa. Ana duka la vifaa vya ujenzi na pikapu mpya. Akasema, kwa upole ule wa kuuzia saruji, kwamba gari la shemeji husikika Msambweni likiwa bado liko Ramisi. Watu wakacheka! Imamu naye!

Ni kweli gurudumu la nyuma linalia. Linakereza. Ni breki tu! Miaka tisa nimebeba makuti kwa gari hilo kupeleka hoteli za Diani na halijamla mtu. Nikasimama. Nikaapa mbele ya wote kwamba nitazifungua breki mwenyewe, bila fundi, na adhana ya alasiri ya Alhamisi ikinikuta sijafungua, basi Twaiba apande pikapu ya Kibwana.

Kwa nini niliongeza hilo la mwisho? Sijui. Hakuna aliyeniuliza. Dada alinitazama kama mtu mwenye homa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetazama video ya kufungua breki kwenye simu. Mara kumi na moja. Simu haitoi sauti tangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya pweza, kwa hiyo nategemea macho. Macho yanatosha.

Nilivyoelewa ni hivi. Breki ya nyuma imefichwa ndani ya chuma cha mviringo, mfano wa sufuria iliyofudikizwa. Hiyo ndiyo dramu. Yule bwana wa video, ana kipara, anainua gari kwa jeki, anatoa gurudumu, anaishika dramu na kuivuta. Inatoka kama kifuniko. Basi! Na watu wanakwenda kwa fundi!

Jambo moja limenitatiza. Kabla ya kuanza, yule kipara huingia garini, huinama kidogo, kisha hutoka. Anafanya nini mle? Nimemuuliza mke wangu Mwanapili. Akasema pengine anapiga bismillahi. Sura yake haikuniambia hivyo, lakini Mola ndiye ajuaye.

Nami nikaingia. Nikainama. Nikapiga bismillahi. Na kwa kuwa uwanja wetu umeteremkia jikoni, nikavuta hendibreki juu mpaka ikagoma. Lazima mtu awe mwangalifu. Nikatoka, nikatoa gurudumu, nikaishika dramu, nikavuta.

Haikutoka.

Jumatatu, 15 Septemba

Haikutoka leo pia. Kosa ni nini? Nimefuata kila kitu. Nimeinama vizuri zaidi kuliko kipara mwenyewe.

Nikawaza, ni kutu. Bahari iko karibu, chumvi inakula kila chuma. Kwa hiyo nyundo. Nimegonga tangu asubuhi mpaka mwadhini akanitumia mtu kuniuliza kama tunajenga. Kibwana akapita, akasalimia, akasema dukani kwake kuna dawa ya kupuliza, kutu inaachia mara moja, nichukue bure. Bure! Nijidhalilishe! Nikamshukuru sana, nikamwambia ninayo yangu, ya asili.

Sikuwa nayo. Nikaingia jikoni nikatwaa mafuta ya nazi ya Mwanapili, nikaipaka dramu yote. Nikapaka na mpini wa nyundo bila kukusudia. Pigo la tatu nyundo ikanitoka mkononi, ikapita juu ya ua, ikatua uani kwa dada, nyumba ya pili, juu ya sinia lake la shaba alilotunzwa siku ya harusi yake. Sasa lina bonde katikati. Nimelirudisha kabatini kifudifudi.

Dramu inang'aa. Inanukia vizuri. Haitoki.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeamka na akili mpya! Mwanapili akitaka kung'arisha shaba hutumia ukwaju. Ukwaju unakula uchafu. Kutu ni uchafu. Hesabu imekubali.

Jikoni kwa dada mlikuwa na mfuko mzima wa ukwaju. Nikaukoroga wote kwa maji, nikaipaka dramu kama hina, nikaifunga kwa kanga kuukuu, nikaketi kungoja. Saa ya kwanza, inzi. Saa ya pili, sisimizi. Saa ya tatu akaja Mwanapili, na ndipo nilipojua ule ulikuwa ukwaju wa sharubati ya wageni mia mbili.

Hasemi nami. Akitaka kitu anamwambia kuku, na kuku ananitazama.

Nimefungua kanga. Dramu imetakata, unaweza kujiona uso. Nimejiona. Nilionekana nimechoka. Nikaingia garini, nikainama, bismillahi, nikaongeza hendibreki kidogo maana niliihisi kama imelegea. Nikavuta dramu mpaka mgongo ukalia. Haitoki! Jamani, imeolewa na hilo gari?

Jumatano, 17 Septemba

Moto. Chuma kikipata moto hutanuka, hilo tumelisoma shuleni. Kwa hiyo nimeiwekea dramu seredani chini yake, makaa yakiwa mekundu kabisa.

Nilisahau mafuta ya nazi.

Moshi ulikuwa mwingi. Majirani walikuja na ndoo kabla sijawaita, na mmoja akanimwagia mimi kwanza, kisha gari. Gari ni zima. Nyusi zangu si zote.

Katika watu hao alikuwamo Tsofa, fundi wa magari, anapita na baiskeli yake kwenda Ukunda. Hakucheka. Alichungulia dirishani, akaniuliza kwa adabu kama hendibreki nimeiangalia. Nikaona huyu ananidharau! Nikamjibu kwamba mimi si mtoto, hendibreki nimeivuta tangu Jumapili mpaka meno yote yamekwisha, na kila siku naiongeza. Akafumbua mdomo aseme neno. Nikamzuia kwa mkono. Nikamwambia kiapo changu hakimtaki fundi, hata ushauri wake ni haramu kwangu hadi kesho alasiri.

Akaufumba mdomo. Akapanda baiskeli. Alipofika njiani akashuka, akashika mti, mabega yakawa yanatikisika. Nadhani ana pumu. Nilimwonea huruma.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku ya mwisho. Sikuweza kunywa hata chai. Tangu asubuhi namwona Kibwana anaosha ile pikapu, anaifunga mashada ya maua ya plastiki mbele. Polepole, ili nimwone vizuri.

Saa tisa nikawakusanya wapishi wa pilau, wanaume wanane wenye mikono ya kuinua sufuria. Tukafunga kamba kwenye dramu. Nikaingia garini, nikainama, bismillahi, hendibreki. Nikatoka nikahesabu tatu. Wakavuta.

Likaja gari zima. Jeki ikalala, gari likaburuzika ubavuubavu, likakaa juu ya mafiga ya pilau. Dramu ilikuwa mahali pake.

Kibwana akatazama saa yake. Imamu, aliyekuja kushuhudia, akaanza kushika ndevu. Hapo mlango wa nyumba ya dada ukafunguka, akatoka Twaiba.

Bibi harusi haonekani nje siku hizi! Amefungiwa ndani na somo wake, kungwi anayemfunda, anasingwa mwili kwa manukato, ana hina mbichi mikono yote miwili. Akatoka amejitanda buibui, mikono ameinyoosha mbele asiharibu maua. Wanawake wakapiga ukelele. Somo akamkimbilia na mkeka kumkinga. Twaiba hakurudi. Akasema mbele ya wote kwamba babake alipofariki, ni mjomba aliyempakia baiskeli kila asubuhi kumpeleka shule, mvua isimame isisimame, na yeye hatatoka nyumbani kwao kwa pikapu ya saruji. Atapelekwa na mjomba au haendi.

Mimi nikazunguka nyuma ya jiko kwa shughuli fulani. Ukwaju ulikuwa umeniingia machoni.

Niliporudi, Twaiba alikuwa amechungulia garini. Alisomea udereva Ukunda miezi miwili. Akamwomba Mwanapili, kwa kuwa yeye mikono ina hina, aingie aishushe hendibreki. Mwanapili akabonyeza, akashusha. Tak! Nikainama kutazama. Dramu ikatoka yenyewe, bila kuguswa, ikaniangukia dole gumba la mguu.

Twaiba akanieleza taratibu. Hendibreki ikivutwa, hutanua breki ndani ya dramu na kuibana, ndiyo maana haitoki. Kwa hiyo kwanza hushushwa. Ndicho anachokifanya kipara. Nikaitikia kwa kichwa. Vijana wa siku hizi kila kitu ni mitambo. Ukwaju uliolala mle tangu Jumanne, unafikiri ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unachimba! Ilisadifu tu.

Wakati huohuo adhana ikalia. Kibwana akaanza kusema neno juu ya kiapo. Imamu akamkata, akasema nimeapa kufungua, na breki zimefunguliwa, na sasa tafadhali bibi harusi arudishwe ndani. Nimeshinda!

Ijumaa, 19 Septemba

Nikaha imepita salama. Sharubati ilikuwa ya ndimu.

Baada ya hapo Tsofa amekuja kutia breki mpya na kurudisha dramu. Kiapo kilikuwa cha kufungua, hakikutaja kufunga. Hakuchukua hata nusu saa. Alipomaliza akanishika bega, akanisihi, kwa heshima zote, niwe naishusha hendibreki kabla ya kuondoka. Nikamuuliza pumu imeendeleaje. Hakunielewa.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimempeleka! Mimi, kwa gari langu!

Twaiba alipanda baada ya alasiri, kajifunika kote, nyuma pamoja na somo wake. Gari liko kwenye mteremko, kwa hiyo alipokuwa anapanda nikavuta hendibreki juu kabisa, asije akateleza mwanangu. Kisha vigelegele, kisha dua, kisha tukaondoka. Pikapu ya Kibwana nyuma yetu na vyombo.

Gari lilikuwa zito. Nilikanyaga mafuta mpaka chini na bado baiskeli zikatupita. Nilidhani ni heshima, hata gari linajua limembeba nani. Safari ya dakika ishirini tumekwenda saa nzima.

Kibwana alipiga honi njia nzima. Alitoa mkono dirishani, amekunja ngumi, anaishusha, anaishusha. Wivu umemfanya hivyo! Nikamrudishia ngumi.

Twaiba naye akanigusa bega. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu kwa nguvu. Bibi harusi hasemi njiani, mpaka avuke kizingiti cha mumewe, na somo alikuwa macho kweli. Nikajua uchungu wa kuachana umemzidi. Nikamwambia nami namlilia, nikamlilia kweli, nikakumbuka ile baiskeli na daftari zake ndani ya mfuko wa plastiki. Hata barabara sikuiona vizuri. Akanigusa tena. Nikazidi kulia.

Tulipokaribia Gazi, moshi mweupe ulikuwa unatoka nyuma, umelizunguka gari lote. Watu wa bwana harusi wamejipanga njiani. Wakadhani ni udi! Wakasema hawajaona bibi harusi anayefukizwa na gari zima. Mama mkwe akalia kwa furaha, kisha akakohoa.

Twaiba akavuka kizingiti. Watu wanangoja neno lake la kwanza katika nyumba ya mumewe. Akainua shela. Akanigeukia mimi, si mtu mwingine yeyote. Akasema, "Mjomba, hendibreki!"

Watu wameona ajabu. Mimi nimeelewa. Alikuwa ananikumbusha kuivuta, maana na pale Gazi pameteremka. Katikati ya furaha yake yote bado ananiwazia! Nikarudi mbio nikaivuta. Ilikuwa tayari iko juu, nikaiongeza.

Jumapili, 21 Septemba

Gari limekataa kuondoka Gazi. Nimelala kwa wakwe. Gurudumu la nyuma limeganda, dramu imekuwa ya bluu, na inanuka kitu kilichoungua. Breki mpya kabisa! Tsofa amenifanyia kazi gani? Fundi wa kupita na baiskeli ndiye huyo.

Kibwana alinisubiri asubuhi, akataka kunieleza kitu, akashika kichwa, akaondoka. Twaiba hatoki nje, ni fungate. Sina wa kumuuliza, na sihitaji. Mama mkwe wake ana ukwaju ghalani, nimeuona.

Wenyeji wamekusanyika kutazama. Nimewaambia wakae mbali kidogo, wajifunze. Nimeingia garini. Nimeinama. Bismillahi. Hendibreki juu, mpaka mwisho.