Gari la Kusukumika

Habari ililetwa na Profesa, na ilikuwa mbaya, ndiyo maana alikuja nayo mbio.

Profesa si profesa, ni kinyozi. Jina alipewa kijiweni kwa sababu hakuna gazeti linalopita pale bila yeye kulisoma kwa sauti. Akimaliza sentensi hunyamaza akawatazama watu kama anayesubiri mikono inyooshwe.

"Sikilizeni," alisema, akilikung'uta gazeti. "Wakubwa wametangaza. Magari yote ya gia za mkono yanaondolewa maofisini mwao. Yanakuja ya otomatiki. Wanasema gia za mkono zinachosha madereva na kuchelewesha maendeleo."

Benchi zima likaifikiria klachi.

"Kumbe," alisema Mzee Breki. "Miaka yote hii kilichokuwa kinatuchelewesha ni klachi."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mimi nilidhani ni wao."

Mama Birika, mwenye jiko la kahawa na mwenye benchi, alimwongezea kikombe bila kuulizwa. Breki alikuwa dereva wa lori la maji mpaka alipostaafishwa. Jina lake halikutokana na lori. Lilitokana na kwamba kicheko chochote, hata kikija kasi namna gani, kikimfikia yeye kinasimama.

Siku hiyo alikuwa na jambo. Bintiye, mtoto pekee, alikuwa amerudi kwa baba kujifungua, maana mume yuko kazini mbali. Tumbo lilikuwa limeshuka. Na zahanati ni ileile. Breki alikuwa amewaambia wenzake kwamba leo halali bila gari uani kwake, gari dogo, la gia za mkono.

Kwa nini la gia za mkono, kila mtu benchini alijua. Mkewe alipozidiwa, walimfikisha zahanati, na zahanati ikasema akimbizwe hospitali kubwa. Gari la wagonjwa lilikuwepo pale uani, jeupe, la otomatiki, ubavuni limeandikwa jina la mkubwa aliyelizindua. Betri ilikuwa imekufa. Wanaume walijaa, wamekunja mikono ya mashati, tayari kusukuma. Dereva akawaambia, "Hili halisukumwi. Otomatiki hata mkiisukuma mpaka mpakani haiwaki." Wakabaki wameduwaa na nguvu zao zote. Mama wa watu akakatia roho mle ndani, gari halijasogea hata hatua, viti bado vina nailoni za dukani.

Baadaye iliundwa tume. Tume ikakaa, ikala, ikaandika kwamba betri ilikufa kifo cha kawaida.

"Mzee wangu," alianza Tumeelewana. Huyu ni dalali, na jina lake ni neno analolisema kabla mtu hajakubali chochote. "Lile jeupe la otomatiki nililokuonyesha bado nimekushikia. Unakanyaga, linakwenda. Unaachia, linatulia. Tumeelewana?"

"Hatujaelewana."

"Goti lako la kushoto litapumzika."

"Goti langu la kushoto halina kazi nyingine. Likipumzika litakwenda wapi?"

"Lakini mzee, dunia imekwenda mbele," alidakia Waya. Waya ni fundi umeme, mwembamba hivi kwamba akisimama karibu na nguzo watu humsalimia nguzo. "Gia za mkono ni mambo ya kale. Ni kama kupika kwa kupekecha vijiti."

"Dunia imekwenda mbele kwa sababu bado ina chaji. Siku ikiisha tutaona nani ataisukuma."

"Si unanunua betri mpya? Betri mpya haifi."

"Lile gari lilikuwa jipya na betri yake."

Waya alifungua mdomo.

"Waya, kunywa kahawa," alisema Mama Birika.

Waya akanywa kahawa.

Profesa alikunja gazeti kuonyesha kwamba sasa anazungumza kutoka kichwani. "Mimi namuunga mkono mzee, ila kwa sababu za kitaalamu. Gari la gia za mkono haliibiwi. Wezi wa siku hizi wamesomea otomatiki tupu. Kuna mmoja aliingia kwenye gari la shemeji yangu mchana kweupe. Likaruka kama chura, likazima. Akaliwasha, likaruka, likazima. Mwishowe akashuka, akagonga mlango wa shemeji, akamwuliza gia ya kwanza inakaa wapi."

"Shemeji yako akafanyaje?"

"Akamwonyesha. Ni mwalimu, hawezi kujizuia."

"Na gari?"

"Gari likaibiwa. Lakini kwa shida."

Watu walicheka. Kicheko kikafika kwa Breki, kikasimama.

"Haya," alisema Tumeelewana, akibadilisha mwelekeo kama dalali yeyote aliyeona mlango umefungwa. "Kama ni gia za mkono, ninalo moja kubwa. Viti saba, chuma tupu. Ukiligonga ukuta, ukuta ndio unapelekwa gereji."

"Zito."

"Uzito ndio uimara, mzee!"

"Linasukumwa na wangapi?"

Dalali alimtazama. "Mimi nimeuza magari tangu sina ndevu. Watu huuliza linakula mafuta kiasi gani. Huuliza limetembea kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza linasukumwa na wangapi."

"Mafuta nitanunua. Watu hawauzwi."

"Ah! Basi kuna dogo. La kijani. La yule bwana fundi miwani wa pale kona. Ila nakwambia mapema usije ukanilaumu, ni dogo mno. Mtu akipiga chafya ndani, buti linafunguka."

"Liite."

Fundi miwani alikuja nalo mwenyewe, taratibu, akitoa ishara ya kukata kona hata pale ambapo hapakuwa na kona. Alikuwa bwana mpole, na gari lake lilifanana naye. Dogo, safi, mbele lina taa mbili za duara kama linasoma kitu. Akashuka, akampa kila mtu mkono, akampa Breki ufunguo.

Wakati huohuo akatokea binti. Alikuja kwa mwendo wa waliobakiza siku chache, mkono mmoja kiunoni, kandambili za nyumbani miguuni. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia, maana mtaani habari haina klachi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa," alisema Mama Birika.

"Sikai, mama. Baba, naambiwa unanunua gari la kusukuma."

"La kusukumika. La kusukuma ni jingine."

"Baba, mimi leseni yangu ni ya otomatiki. Hili nitaliendeshaje?"

"Wewe hutaendesha. Wewe utakuwa unapiga kelele."

"Na ukiwa hupo?"

"Nitakuwepo. Hata ile mara nilikuwepo. Kilichokosekana hakikuwa mimi."

Binti alimtazama babake, kisha akalitazama lile gari dogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini benchi lile lina masikio. "Baba, mama hatarudi kwa gia ya pili."

Waya aligundua kitu muhimu ndani ya kikombe chake. Profesa akafungua gazeti upande wa matangazo ya vifo, akalifunga haraka.

"Sijasema atarudi," alisema Breki. "Nimesema wewe utakwenda."

Na kubishana wima na tumbo lile kunachosha. Akakaa.

"Linawaka vizuri, mzee," alisema fundi miwani, ili pawe na sauti. "Hebu liwashe, usikie."

"Sitaki kusikia. Nataka tulisukume."

"Lakini ni zima. Betri nimebadilisha majuzi."

"Betri ichukulie kama marehemu kwa muda."

Fundi miwani alimgeukia dalali kutafuta msaada. Dalali akainua mabega. Katika maisha ya udalali mtu hukutana na mengi.

Breki aliingia, akazungusha ufunguo nusu, akakanyaga klachi, akatia gia ya pili, akatoa kichwa dirishani. "Haya. Sukumeni."

Wakainuka. Hapo ndipo Breki alipoyaona kwenye kioo yale aliyokuwa akiyaona nchini maisha yake yote. Profesa alisema wahesabu kwanza mpaka tatu. Waya akauliza, tusukume kwenye tatu au baada ya tatu? Profesa akasema hilo ni swali zuri. Tumeelewana akasema yeye hatasukuma, yeye ni msimamizi, kila kazi lazima iwe na msimamizi. Waya akasema basi na yeye atasimamia upande wa kushoto. Fundi miwani peke yake ndiye aliyeinama akasukuma, akiomba radhi kwa gari lake.

Gari likasogea kiasi cha mtu kuvuta pumzi, likatulia.

"Zito hili," alisema Waya, akijifuta jasho ambalo hakuwa nalo.

"Si zito," alisema Breki kutoka ndani. "Wote mko nyuma yangu. Hata wakubwa husema wote wako nyuma yetu."

"Mzee, usitulinganishe na wale."

"Wale wana uzuri mmoja. Wakishindwa huunda tume. Nyinyi mmeshindwa mnataka kahawa."

Maneno hayo yaliwachoma. Mtu waweza kumwita mvivu, waweza kumwita mwongo. Kumfananisha na mkubwa ni tusi la ukoo. Wakarudi nyuma ya gari, safari hii wamekunja suruali.

"Ngojeni," alisema Breki. Akamgeukia bintiye. "Panda."

"Mimi?"

"Siku yenyewe utakuwemo. Nitalipimaje bila mzigo?"

"Baba, umeniita mzigo mbele za watu."

"Mzigo ni huyo wa ndani. Wewe ni abiria."

"Mzee Breki!" Profesa alikuja juu. "Hata bila abiria halikwenda, sasa unaongeza wawili? Mimi nina mgongo! Nasimama kutwa nzima nikinyoa!"

Mama Birika aliipua birika, akaliweka chini, akajifunga kitambaa kiunoni. "Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," alisema. "Tangu asubuhi nawasikia mnamchagulia mzee gari, mara jeupe, mara lenye viti saba. Kwenye mazungumzo lilikuwa jepesi. Mwanangu, panda. Nyie, sogeeni, nipeni nafasi."

Binti alipanda, akihema, akafunga mkanda juu ya tumbo, akaulegeza, akaushika kwa mkono. Gari lilizama kidogo upande wake. Fundi miwani alivua miwani yake, akaitia mfukoni, akashika buti kwa kupapasa. Tumeelewana alitazama kushoto na kulia kuhakikisha hakuna mteja mwingine anayemwona, akaweka bega.

"Kwenye tatu!" alisema Waya.

"Hakuna tatu!" alisema Mama Birika, na akasukuma.

Gari likaondoka. Kwanza pole, kama mtu anayeamshwa. Likapita kibanda cha Profesa, wateja wawili wakachungulia na povu mashavuni. Likapita duka la vifaa vya ujenzi. Breki alisikia magurudumu yakibadilisha sauti, akasikia Mama Birika akiwaita watu majina yasiyo yao, akasikia pumzi ya bintiye pembeni, fupifupi, na goti lake la kushoto likajua lenyewe wakati. Akaachia klachi.

Likashtuka, likakohoa, likaruka mara moja, likawaka.

"Tumeelewana!" alipiga kelele dalali, amelala kifudifudi barabarani pale gari lilipomponyoka.

Breki akalisimamisha mbele kidogo, halijazimwa. Wasukumaji walimfuata, mmoja mmoja, kila mtu ameshika kiungo chake kinachouma. Waya alikuwa anacheka bila kujua anacheka nini. Mama Birika alikuwa tayari anaulizia nani anaangalia birika lake. Fundi miwani alivaa miwani, akalitazama gari lake kwa heshima mpya, akainama dirishani.

"Vipi, mzee? Umelionaje?"

"Gari zuri. Wasukumaji ndio wana matatizo."

"Sisi?" Profesa alisema, mkono kifuani. "Baada ya yote haya? Mgongo wangu, mzee, mgongo wangu hautanyooka tena. Nimesukuma mpaka nimeona mababu."

Binti alikuwa bado amekaa, mikono juu ya tumbo. Sasa akamgusa babake begani.

"Baba, zima."

Breki akageuka upesi, mkono tayari kwenye gia. "Umeshikwa na uchungu?"

"Sijashikwa. Zima turudie." Akanyoosha kidole kwenye kioo cha ubavuni. "Profesa hakusukuma. Alishikilia tu, anatembea na gari. Nimemwona."

Breki akazima.